Mmoja Tu Alisema Pole

"Wewe unataka kuiunganisha nchi nzima na waya wa feni umekushinda kuunganisha. Kaa chini."

"Feni yangu inazunguka vizuri. Beki yenu ndiyo haizunguki."

"Beki yetu ina watu, Masikio. Ya kwenu ina mlango wazi na kibao cha karibuni. Mbuzi akipotea njia anafunga goli."

"Kula anjera yako ulale. Kesho utalia kama ulivyolia serikali yako ilipoanguka."

"Serikali yangu haikuanguka, ilisukumwa. Na sikia, watu wote muwe mashahidi. Manchester mkitufunga kesho, nakuja kukichoma hicho kibanda chako cha simu. Nakichoma na chaja zake. Nakichoma na hayo masikio."

"Njoo na kiberiti chako, Keynan. Maana hata kiberiti wewe ni mtu wa kuomba."

Watu wakaangua kicheko, wengi, wa mbali na wa karibu, na mwanamke mmoja akawa anagonga glasi kwa kijiko akiomba utulivu bungeni.

Kapteni Shidane akabonyeza simu, kicheko cha kundi lao la simu, kilichorekodiwa, kikakatika. Akamtazama mpelelezi Ubah Jimale ng'ambo ya meza kama mtu aliyemaliza kula.

"Umesikia mwenyewe. Jumamosi anasema atakichoma. Jumapili Arsenal wanafungwa. Jumapili hiyo hiyo kibanda kinaungua mpaka chini. Miaka yote ya kazi hii sijawahi kuletewa mtu aliyekiri kabla ya kosa."

Ubah hakukaa. Kiti cha wageni pale kituoni kilikuwa kimevunjika mguu tangu mvua za mwaka jana, na yeye si mtu wa kukaa kaa. "Wakati wa moto alikuwa wapi?"

"Amelala kwa bibi yake, anasema. Bibi mwenyewe haoni."

"Anasikia?"

"Anasikia anachotaka." Shidane akaegemea nyuma. "Dada, gari la gereza linapita baada ya Alasiri. Nampandisha. Wewe pumzika."

Ubah alijua maana ya kupandishwa. Kila mtu Mogadishu anajua. Ukishapanda lile gari, jalada lako linawekwa juu ya majalada mengine na wewe unakaa kulisubiri. Kuna kijana wa mtaa wa Taleh alipanda kwa kesi ya mbuzi hata ndevu hajaota, akatoka anaitwa mzee. Na mbuzi alikuwa amerudi mwenyewe siku ile ile.

"Nipe mpaka Alasiri."

"Ufanye nini?"

"Kazi."

* * *

Keynan alikuwa kijana mwembamba, fundi wa bajaji, mikono myeusi ya grisi mpaka kwenye kucha. Alikaa chini selo, mgongo ukutani.

"Ulisema utakichoma," Ubah akaanza.

"Nilisema."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni Masikio."

"Hilo sio jibu."

"Kwenye kundi letu ni jibu, afande. Mwezi uliopita nilisema nitamuoza kwa ngamia. Mbona hamkuja kuniuliza mahari iko wapi?"

Ubah hakucheka. Ilibaki kidogo tu. "Mna ugomvi wowote? Nje ya simu."

Keynan akafikiri. "Mama yangu alipolazwa, mimi nilikuwa Baidoa na barabara imefungwa. Masikio ndiye alikuwa anampelekea supu. Anafika mlangoni anamwambia, mama, mtoto wako hana akili ndiyo maana nimekuja mimi. Mama mpaka leo anasimulia." Akafuta uso kwa bega. "Sasa mama huyo huyo yuko hapo nje getini tangu jana na chupa ya chai. Hawamruhusu. Afande, hiyo gari nikipanda, mama hatanisubiri. Kifua chake hakina muda huo."

"Na bibi yako? Anaweza kuapa kwamba ulikuwa kwake?"

"Anaweza kuapa nilikuwa nakoroma. Lakini ataapa pia kwamba mimi ni Siad, mjomba wangu aliyekufa. Ananiita hivyo."

Ubah akasimama. Ushahidi wa bibi usingefika hata mlangoni kwa Shidane.

* * *

Kibanda cha Masikio kilikuwa kwenye kona ya Taleh, kati ya kinyozi na mama wa sambusa. Sasa ilikuwa kona tu. Mabati yamejikunja, vioo vya simu vimemwagika chini vyeusi kama magamba ya samaki.

Askari aliyelinda pale alimwonyesha dumu la petroli nyuma ya kibanda, kwa fahari. "Hili hapa, afande. Ndilo alilotumia."

Ubah akalitikisa. Likacheza, chug, chug. Petroli ilikuwamo, karibu nusu. Kifuniko kimekazwa. Plastiki imelainika upande mmoja tu, ule uliotazama ukuta.

"Wewe ungekuwa unachoma kibanda cha mtu," akamwambia askari, "ungemimina, ungekaza kifuniko, ungeliweka vizuri nyuma, na petroli ukabakiza?"

Askari akaanza kutazama viatu vyake.

"Hili la jenereta. Liondoe kwenye jua kabla halijatuchoma na sisi."

Akaingia. Moto una tabia, ukiujua unakuambia wenyewe ulikozaliwa. Mlangoni ukuta ulikuwa na moshi tu. Mezani umeungua juu juu. Ila kona ya ndani, pale palipokuwa na godoro la wale wanaokuja kupiga soga mchana, weusi ulianzia chini kabisa kwenye sakafu ukapanda ukifunguka kama upepeo. Ubah akachuchumaa. Akachokoa majivu kwa kalamu.

Akatoa kipande cha udongo wa kufinyanga. Kisha kingine. Akavishikanisha, vikakubaliana. Chetezo. Ndani kulikuwa na mkaa uliozimika, na kitu kimeganda cheusi kinachong'aa. Akakinusa. Sukari iliyoungua na ubani. Ubani ule ule wa kila nyumba ya mji huu, unaopikwa na sukari, unaofukizwa kwenye nguo mtu akienda mahali pa heshima.

Pembeni ya chetezo, vifungo. Vidogo, vyeupe, vimeyeyuka nusu. Vya shati.

Masikio mwenyewe alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kinyozi, kipulizio cha pumu mkononi. Jina lake Mukhtar, lakini hata kibao cha duka kiliandikwa Masikio Simu, na ukimwona huulizi kwa nini.

"Hiki chako?" Ubah akamwonyesha chetezo.

"Mimi? Afande, mtu akifukiza ubani barabara ya pili mimi nakohoa. Siku ya arusi yangu walifukiza ukumbini, nikatoka nje. Mke wangu alipiga picha na mjomba wangu." Akavuta pumzi kwa taabu. "Hiki hakikuwahi kuingia dukani kwangu."

"Kimeingia. Ufunguo anao nani?"

"Uko chini ya tofali."

"Nani anajua?"

"Tofali? Hilo tofali ni maarufu kuliko mimi. Jamaa wanakuja mchana, wanatafuna mirungi yao, wanabishana. Mimi nikitoka wanafunga."

"Jumapili ulikuwa wapi?"

"Natazama mechi pale hoteli ya juu. Na Keynan hakuwa amekuja, yeye mechi kubwa anazikimbia. Afande, yule kijana hawezi kuwasha hata jiko la chai. Mwambieni aende nyumbani."

"Kwa nini hukusema hivyo kituoni?"

"Nani aliniuliza? Moshi uliniangusha, nikapelekwa hospitali. Nimetoka asubuhi hii nakuta kesi imeisha na mimi ndiye mlalamikaji."

* * *

Mtaani walikuwa na jibu lao. Mama wa sambusa alimvuta Ubah pembeni akamnong'oneza jina la mbunge mmoja. Masikio alikuwa amemchamba yule mbunge kwenye kundi juzi, akasema anasinzia bungeni mpaka spika anamfunika shuka. Watu wa mbunge ndio waliochoma, mama akasema, na kila mtu anajua.

Ubah hakupenda lakini akapiga. Mpelelezi anayeogopa namba ya simu arudi shule.

Mbunge alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka mpaka akakohoa. "Dada Ubah, ile ya shuka? Nilimpa mimi mwenyewe. Mimi nimo humo kundini, kwa jina lingine. Usiniharibie. Ndipo mahali pekee mji huu watu wananiambia ukweli." Akatulia. "Masikio ni mzima? Mwambie... hapana, usimwambie kitu. Nitamtukana mwenyewe jioni."

Basi mlango ule ukafungwa.

Ubah akakaa kwenye benchi la kinyozi, akaazima simu ya Masikio, akaiweka sikioni, akaanza kusikiliza sauti za kundi toka mwanzo wa wiki. Jina la kundi ni Vita vya Kukaa, kama tunavyowaita wale wanaume wa migahawani wanaopigania nchi bila kuinuka kwenye kiti. Ila humu wako wa Mogadishu, wa Hargeisa, wa Eastleigh, wa Minneapolis, na spika wao ni Shangazi Ebla aliye Malmö na kile kijiko chake. Wana serikali kamili. Timu yako ikifungwa unapoteza wizara. Waziri mkuu wa kwanza alipigiwa kura ya kutokuwa na imani kwa sababu ya penalti. Watu ambao koo zao zilirushiana risasi zamani wanarushiana maneno hapa mpaka usingizi unawachukua, na kesho yake yule aliyetukanwa sana ndiye anayepigiwa simu kuulizwa kama amekula.

Ubah alijua vita halisi. Alikuwa amehesabu maganda ya risasi kwenye mitaa hii kabla hajawa na cheo. Akajikuta anacheka peke yake, kinyozi anamtazama.

Akafika Jumapili, baada ya moto. Picha ya kibanda ilipofika tu, wakaanza.

"Masikio, yamepona? Kama yamepona hasara ni ndogo."

"Angalau sasa duka limepata dirisha."

"Nilikuambia Manchester mkishinda lazima kitu kiungue. Nyie hamjazoea."

"Kimya bungeni," akasema Shangazi Ebla, kijiko kwenye glasi. "Waheshimiwa, kila mtu ataje atakacholeta. Mimi naleta mabati. Na Masikio akishukuru, natoa mabati."

Wakataja. Mmoja mbao, mmoja simu za kuanzia, kila mmoja na tusi lake juu. Halafu sauti moja, ya chini, taratibu, kama ya mtu anayesoma khutba:

"Ndugu Mukhtar. Pole sana kwa msiba huu. Mwenyezi Mungu akufidie kilicho bora."

Ubah akasimamisha. Akarudisha. Akasikiliza tena.

Akarudi nyuma mpaka Jumamosi kuitafuta sauti ile. Akaipata, na juu yake jina Roble. Jumamosi ilikuwa inapiga kelele: "Masikio, kesho nakwenda kwa baba mkwe baada ya mechi, niombee. Au usiombe, dua zako ndizo zinazowafungisha Manchester."

Akapiga Malmö.

"Shangazi, naitwa Ubah, polisi. Roble ni nani?"

"Roble wa Taleh? Anauza miwani ya jua. Mpambe wa Masikio, wametoka utoto pamoja. Arsenal, masikini."

"Humu ndani mtu anaweza kumwita Masikio Mukhtar?"

Kijiko kikawekwa chini. "Mwanangu, mume wangu aliniita kwa jina langu kamili mara moja tu. Siku aliponiacha." Akavuta pumzi. "Nilimsikia Roble. Nikafikiri ana homa."

* * *

Roble alikuwa mgahawani na kikombe kilichopoa mbele yake, miwani imepangwa kwenye ubao miguuni, haiuzi. Mrefu, shati kubwa ambalo halikuwa lake, mabega yanaelea.

Ubah akavuta kiti. Safari hii akakaa.

"Warya, wewe Roble. Mimi ni polisi. Nataka unifanyie kitu kidogo. Mtukane Masikio."

"Nini?"

"Mtukane. Kama kawaida yenu. Nasikia wewe ni fundi."

Roble akatabasamu vibaya. "Sasa hivi ana shida, afande. Sio adabu."

"Wengine wote wamemtukana. Mbunge mzima anasubiri zamu. Mmoja tu alisema pole."

"Basi mimi ndiye mwenye adabu."

"Lini ulianza?"

Roble akafungua mdomo. Ubah akangoja. Muuza chai akaja, akamtazama Ubah usoni, akarudi alikotoka.

"Ma..." Roble akasema. "Masiki..." Likamkwama. Mtu mzima, ndevu kamili, jina la utani la rafiki yake limemkaa kooni kama mfupa.

Ubah akaweka vifungo mezani. Kisha kipande cha chetezo.

"Jumapili ulikuwa unakwenda ukweni. Umetafuna mirungi, umevuta sigara, shati linanuka. Baba mkwe mtu wa msikiti. Ukaingia kwa Masikio, ukawasha mkaa, ukafukiza shati lako. Ulijua hayupo, hatakohoa. Endelea wewe."

Roble akavigusa vifungo kwa kidole kimoja.

"Nililitandika juu ya chetezo," akasema. "Dakika kidogo tu, liingie harufu. Nikasikia hoteli ya juu wanapiga kelele, goli. Afande, mimi nilidhani ni letu. Nikatoka na fulana. Nikakimbia kuona." Akasukuma kifungo kimoja. "Lilikuwa lao. Nikabaki pale nabishana kama lilikuwa la kuotea. Nabisha, nabisha, mtu akasema, Roble, ule moshi si kwenu?"

"Ukweni ulienda?"

"Na shati gani?"

"Na Keynan je?"

Hapo Roble akafunika uso. "Nilisema watamwachia. Kila mtu anajua Keynan ni mdomo tu. Nikasema kesho watamwachia. Ikafika kesho, nikasema keshokutwa. Nikimwambia Masikio nimekuchomea maisha yako kwa ajili ya harufu..."

"Adhana inakaribia," Ubah akasema. "Gari la gereza likifika kabla yako, hiyo kesho yako itakuwa ya miaka. Mama yake yuko getini na chupa ya chai. Unatembea mwenyewe au nikushike?"

Roble akainuka. Miwani akaiacha pale pale.

* * *

Gari lilikuwa uani tayari, injini inanguruma, mlango wa nyuma wazi. Keynan amesimama mbele yake na pingu, mama yake ameshika nguzo za geti kwa nje. Shidane alimwona Ubah anaingia na mtu, akakunja uso.

"Sema," Ubah akamwambia Roble.

Roble akasema yote. Chetezo, shati, goli. Alipofika kwenye kuotea, dereva wa gari la gereza akazima injini asikie vizuri. Ubah akaweka vipande vya udongo juu ya boneti, na vifungo, akamweleza kapteni habari ya dumu lililokazwa kifuniko na weusi ulioanzia sakafuni. Hakuongeza neno.

Shidane akavitazama. Akamtazama Keynan. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na haraka tu. "Mfungueni huyo," akasema. "Na kwa kuwa gari limekuja, lisirudi tupu. Apande huyu."

"Ngoja kwanza."

Aliyesema ni Masikio, alikuwa anaingia getini, anapumua kama baiskeli ya zamani, simu mkononi imewashwa. Mama yake Keynan akapita naye, akamshika mwanawe mkono uliotoka kwenye pingu.

"Nimesikia," Masikio akasema. "Shangazi Ebla amenipigia. Kapteni, kibanda ni changu. Sina kesi."

"Moto ni moto, mzee."

"Moto wa bahati mbaya. Wazee wa mtaa wataamua, kama kawaida yetu, na mimi ndiye niliyeunguliwa." Akamgeukia Roble. Roble akainamisha kichwa.

"Ndugu Mukhtar," akaanza.

"Nyamaza. Ukiniita hivyo tena nakufunga kweli." Masikio akainua simu. "Shangazi, bunge limekaa?"

"Limekaa," sauti ya Malmö ikasema, na nyuma yake watu wakasikika wakisukumana kusikiliza. "Hoja imepita bila kupingwa. Roble anasamehewa. Anajenga kibanda kwa mikono yake, kila siku mpaka kiishe. Na kuanzia leo, mbele ya mashahidi, anahamia Manchester. Maisha yake yote. Na jezi anavaa ukweni."

Shidane akatazama chini, masharubu yanamcheza.

Keynan, aliyekuwa anasugua mikono yake palipokuwa na pingu, akamsogelea Roble mpaka pua kwa pua. Siku mbili selo, kwa ajili ya mtu huyu. Kila mmoja akangoja kofi. Ubah akasogea hatua.

"Ukikubali kuhamia huko," Keynan akasema, "nakuchoma mimi mwenyewe. Kapteni, andika, nimekiri tena."

Roble akamtazama Keynan. Akamtazama Masikio, na yale masikio yake mawili mekundu kwa jua. Kitu kikarudi usoni mwake, taratibu, kama umeme unavyorudi mtaani.

"Masikio," akasema, na safari hii likatoka lote, "manukato yote ya Mogadishu hayawezi kuifukiza timu yako ikanukia. Heri gereza."

Akaweka mikono nyuma, akageuka, akaanza kulielekea gari la gereza.